Kudra na Ufunguo wa Mlango

Kila baada ya maafa, yawe mafuriko ya bonde la Msimbazi au nyumba iliyoungua usiku mtaani, maneno ya kwanza msibani ni yale yale: ni kazi ya Mungu, na kazi yake haina makosa. Anayeyasema husema kweli, wala simtaki mtu ayaache, kwani pasipo maneno hayo wafiwa wengi wasingeweza hata kusimama. Linalonishughulisha ni kwamba maneno hayo yamehama. Yametoka msibani, mahali pake, yakaingia nyumbani kabla jambo lolote halijatokea, na huko yanafanya kazi nyingine kabisa: yanawazuia watu kujaza dumu la maji, kukubaliana watoto wakimbilie wapi, kuweka vyeti vyote mahali pamoja. Masika yanakaribia, mtu anaulizwa amejiandaa vipi, anajibu kwamba lililoandikwa limeandikwa. Jibu hilo lina sura ya imani. Hoja yangu ni kwamba likipimwa kwa imani yenyewe, ya Kiislamu na ya Kikristo, halisimami.

Tutenganishe kwanza tunachokijua na tusichokijua. Waumini wa dini hizi mbili wanakubali kwamba Mungu anajua mwisho wa kila jambo, lakini hakuna anayedai kuwa amesomewa. Kudra ni ghaibu. Amri si ghaibu. Sijui kama nyumba fulani imeandikiwa kuungua, ila najua kwamba mwenye nyumba ameamriwa kulinda roho za waliomo. Basi anayesema kama ni kuungua itaungua tu, anafanya moja kati ya mawili: ama anadai amekwisha kuliona lililoandikwa, na hilo hakupewa; au anakichukua asichokijua akakitumia kufuta anachokijua. Vyovyote iwavyo, si unyenyekevu. Na tazama kwamba hoja hiyo haitumii kwingine. Duka lake analifunga kwa kufuli mbili, shamba lake analipalilia, mtoto akichemka homa anabebwa kwenda zahanati usiku huo huo. Kudra huitwa pale tu ambapo kazi inachosha na faida yake haionekani leo. Kanuni inayoamka kwa jambo moja na kulala kwa mengine yote siwezi kuiita itikadi. Ni mazoea yaliyovikwa kanzu.

Hadithi ya kumfunga ngamia kwanza kisha kumtegemea Mungu kila mtu anaijua, kwa hiyo sitaiegemea. Lenye uzito zaidi kwangu ni tukio la Khalifa Umar bin Khattab alipokuwa njiani kuelekea Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, makamanda wake wakiongozwa na Abu Ubayda walimpokea na habari kwamba tauni imezuka huko mbele. Umar hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikuraishi, nao wakamshauri arudi. Alipotangaza kwamba msafara unageuka, Abu Ubayda alimkabili kwa swali ambalo hata leo ndilo swali letu: je, anaikimbia kudra ya Mungu? Umar alimjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kudra ya Mungu kwenda kwenye kudra ya Mungu, akamfananishia na mchunga ngamia aliyefika bonde lenye pande mbili, mmoja wa majani na mmoja mkavu: popote atakapochunga, atakuwa amechunga kwa kudra. Yaani kudra haikukaa upande wa tauni peke yake. Tahadhari nayo imo ndani yake. Baadaye alifika Abdurrahman bin Awf na kueleza kwamba alimsikia Mtume akikataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kukataza pia kuikimbia nchi hiyo kwa aliyekwisha kuwa ndani yake. Sehemu hii ya pili husahauliwa, na ndiyo inayonivutia zaidi, maana inaonyesha kwamba tahadhari hapa haikuwa kuokoa ngozi ya mtu mmoja. Aliye nje asiingie, kwa ajili yake. Aliye ndani asitoke, kwa ajili ya wengine. Abu Ubayda alibaki Sham, na tauni hiyo ikamuua. Sioni ni nani angethubutu kusema kwamba mmoja wao, aliyerudi au aliyebaki, alikosa tawakali.

Kutoka msafara wa khalifa hadi chumba na sebule ya Mbagala si mbali kama inavyodhaniwa, kwa sababu mafundisho yenyewe huingia hadi jikoni. Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwa Abu Musa kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtume alipoelezwa, alisema moto ni adui yenu, mkilala uzimeni. Katika mapokezi mengine aliagiza milango ifungwe, vyombo vifunikwe na taa zizimwe, na akataja sababu ndogo kabisa: panya huweza kuukokota utambi akaiunguza nyumba na waliomo. Hakuwaambia watu wa Madina kwamba waliokufa walikuwa wameandikiwa, basi wengine walale na taa zao. Alitazama utambi, akatazama panya, akatoa agizo. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, inamwagiza ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta mfupi juu ya dari yake, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Sheria hiyo haiulizi kama Mungu angeweza kumdaka anayeanguka. Inamuuliza mwenye nyumba kama amejenga ukuta. Na anayelindwa si yeye anayeijua dari yake kwa miaka; ni mgeni, ni mtoto, ni mtu asiyeijua.

Ukuta huo kwetu leo ni nini? Nyumba nyingi za mijini zina nondo madirishani na mlango wa grili wenye kufuli, kwa sababu ya wezi. Usiku kufuli linafungwa, ufunguo unaingia chini ya mto wa baba au ndani ya mkoba wa mama, na mkoba unaning'inia popote. Moto ukianzia sebuleni, kwenye mshumaa uliosahauliwa umeme ulipokatika, au kwenye soketi iliyobebeshwa friji, pasi na chaja tatu, moshi wa godoro la sponji unajaza chumba ndani ya dakika chache, na moshi huo ni sumu. Hapo hakuna anayeweza kupapasa mkoba. Ufunguo wa akiba unatakiwa uwe na msumari wake ukutani, karibu na mlango ila mbali na mkono wa mtu aliye nje, na kila aliyemo ndani, hata mtoto wa miaka saba, aufikie gizani. Jaribio lake ni rahisi: usiku mmoja taa zizimwe na mtoto aambiwe aufuate. Dirisha moja la chumbani liwe na nondo za kufunguka kutoka ndani. Valvu ya mtungi wa gesi ifungwe kabla ya kulala. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya joto, hata katika baridi ya Julai kule Njombe na Makete, kwa sababu hewa ya monoksidi ya kaboni inayotoka kwenye mkaa haina harufu na humuua aliyelala bila kumwamsha. Haya si mambo ya mafundi. Ni tafsiri ya hadithi ya utambi, kwa nyumba zisizotumia utambi.

Wapo watakaonijibu kwa Injili, na jibu lao lina nguvu. Yesu aliwaambia wanafunzi wasiisumbukie kesho, akawaonyesha ndege ambao hawapandi wala hawana ghala. Na katika Luka sura ya 12 yupo tajiri aliyepanga kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, akaambiwa kwamba usiku ule ule roho yake itatakwa. Jangwani, mana iliyolazwa hadi asubuhi iliingia funza. Je, kuweka unga na maharage ya wiki mbili si kurudi kwenye ghala la tajiri? Nadhani tukisoma polepole tutaona kinacholaumiwa. Tajiri yule hakulaumiwa kwa kuweka nafaka. Alizungumza na nafsi yake tu. Katika mipango yake yote hakuna mtu wa pili, hana jirani, hana mtoto, hana njaa ya mwingine. Na mana ile ile iliyooza siku nyingine, siku ya sita iliokotwa maradufu kwa agizo, na asubuhi yake haikuoza. Akiba ni ile ile, hukumu mbili, kwa sababu moja iliwekwa kwa hofu na nyingine kwa utii. Ndege nao, katika hadithi inayowataja kwa Waislamu, huondoka asubuhi wakiwa na njaa na kurudi jioni wameshiba. Hawakai kwenye kiota wakisubiri. Tena Bukhari amepokea kwamba Mtume mwenyewe aliwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka. Yusufu, ambaye Wakristo na Waislamu wanamheshimu sawa, hakuishia kutafsiri ndoto ya mfalme wa Misri: katika Mwanzo alishauri itengwe sehemu moja ya tano ya mavuno kwa miaka saba, na katika Kurani alieleza hata namna ya kuhifadhi, kwamba nafaka iachwe kwenye masuke yake. Nabii anafundisha ghala. Linalokatazwa ni kuhodhi, yaani kukinunua chakula sokoni wakati wa shida na kukifungia ili bei ipande, na Mtume alimwita afanyaye hivyo mkosaji. Kati ya gunia la nyumbani lililonunuliwa wakati wa mavuno na magunia mia yaliyofichwa wakati wa njaa pana tofauti ambayo kila mama wa sokoni anaijua bila kufundishwa.

Pingamizi jingine halitoki msikitini wala kanisani, bali linatawala kote kuwili: uchuro. Ukiwakusanya watoto ukawaambia moto ukizuka tutatokea mlango huu, bibi atakukatiza: usiite balaa, mdomo huumba. Silidharau, kwa kuwa linatokana na upendo na woga, na woga wa mtu aliyekwisha kuzika si wa kuchekwa. Lakini linapingana na jambo ambalo sisi wenyewe tumelifanya kwa ustadi mkubwa. Mitaa yetu imejaa vyama vya kuzikana. Vina mwenyekiti na mweka hazina, vina daftari la michango, turubai, viti, masufuria ya kupikia watu mia mbili. Watu wenye akili timamu hukaa kila mwezi wakipanga namna ya kukabili kifo cha mmoja wao ambaye bado amekaa hapo anapiga makofi, na hakuna anayesema wamemwitia kifo. Uislamu unamtaka mwenye kitu cha kuusia asilale nyusiku mbili bila wasia wake kuandikwa, na Mtume alikana kwamba mikosi ina nguvu yoyote. Ikiwa tunaweza kumpangia mtu hai mazishi yake bila kumdhuru, itakuwaje kumpangia njia ya kutoka akiwa hai kuwe ndiko kunakomuua? Naliona hili kuwa jambo la kuhuzunisha kweli: tumejipanga vizuri mno kwa ajili ya maiti, na kwa ajili ya dakika kumi kabla hajawa maiti hatuna hata orodha.

Kuna pia wanaosema kwamba huku kwetu vimbunga havitokei, tuko karibu na ikweta, dhoruba ni za Msumbiji na Madagaska. Kumbukumbu ya watu ni fupi kuliko hali ya hewa. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu. Mwaka 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Mapema Mei 2024 kilikuja Hidaya, na safari hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Tangazo ni neema, lakini lina thamani kwa mwenye cha kufanya akilisikia. Aliyeambiwa Alhamisi kwamba upepo unakuja Jumamosi, na hana dumu lenye maji, hana tochi, wala hajui hati ya kiwanja iko wapi, amepewa siku mbili za wasiwasi tu.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la ufukara. Anayenunua unga nusu kilo kila jioni kwa pesa ya jioni hiyo hawezi kuambiwa aweke akiba, na mahubiri ya maandalizi yakimfikia hivyo yanakuwa matusi. Ni kweli. Ndiyo maana yapo ya kutangulia ambayo hayana bei: msumari wa ufunguo, mahali pa kukutana mkipotezana, kwa jina, si hapo nje bali chini ya mwembe wa shule, namba mbili za simu ambazo kila mtoto anazijua kwa kichwa, kwa sababu simu yenye majina yote inaweza kuwa imezama, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, vitambulisho vya taifa na hati ndani ya mfuko mmoja wa plastiki uliofungwa vizuri. Maji nayo hayahitaji utajiri. Mtu mmoja anahitaji kama lita nne kwa siku za kunywa na kupikia. Familia ya watu sita ni lita 24, na kwa siku tatu ni lita 72, yaani madumu manne ya lita ishirini na kubaki kidogo. Madumu ya mafuta ya kula yaliyooshwa yanatosha, yafunikwe, yabadilishwe maji mara kwa mara. Baada ya hapo ndipo yanakuja yenye gharama, tochi, dawa za presha na sukari za wiki moja mbele, pedi, pakiti za ORS, kilo chache za unga na dengu, na hapo asiye nacho asiachwe peke yake. Watu wa Al-Ash'ari, kabila la huyo huyo Abu Musa aliyesimulia moto wa Madina, chakula kikiwapungukia walikuwa wakikusanya kila walichonacho katika nguo moja na kugawana sawa kwa chombo kimoja, na Mtume akasema wao ni katika yeye na yeye ni katika wao. Kwa heshima hiyo, sioni kwa nini chama cha kuzikana kisinunue madumu kwa mfuko ule ule unaonunua viti.

Nikisema nyumba, kwa hiyo, simaanishi kuta nne. Katika mtaa wa vyumba vya kupanga, ukuta wa jirani ndio ukuta wako, na moto wake ni wako. Orodha inayohitajika zaidi si ya vitu. Ni ya watu wasioweza kukimbia: bibi aliyepooza chumba cha tatu, mjamzito wa miezi minane, mtoto asiyesikia ambaye kelele hazitamwamsha, mgonjwa anayetegemea insulini. Kila jina liwe na majina mawili mbele yake ya watakaombeba, wa kwanza na wa pili, maana wa kwanza anaweza kuwa zamu ya usiku kazini. Balozi wa nyumba kumi anaweza kuiandika alasiri moja. Spika za msikiti na kengele ya kanisa vinaweza kuamsha mtaa mzima, iwapo mtaa umekubaliana sauti ipi ina maana gani. Atakayesema hii ni kazi ya serikali hajakosea. Serikali ina sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2022, ina namba 114 ya Zimamoto, na lazima idaiwe mitaro, barabara na ukweli juu ya viwanja inavyovigawa. Lakini gari la zimamoto halipiti vichochoro vya Tandale, na hata likipita, dakika za mwanzo ni za aliye karibu.

Linabaki jambo ambalo watetezi wa maandalizi, mimi nikiwa mmoja, huwa tunalipita haraka. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope likabeba mawe na magogo hadi Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafa. Hakuna begi la dharura ambalo lingewafaa waliokuwa wamelala kwenye njia ya tope lile. Fundisho la maandalizi likitiwa mkononi mwa mtu asiye na huruma linageuka kuwa lawama: waliopona walijiandaa, waliokufa walizembea. Nalikataa hilo kwa hoja ile ile niliyoanza nayo. Aliyelala hakuwa na habari, na asiye na habari hakuvunja amri. Huyo tunamzika kwa maneno ya kudra, yote, bila kuongeza swali. Lakini kwa waliobaki hali si ile ya jana. Mteremko uliokwisha kuporomoka si ghaibu tena. Anayeishi chini yake, mvua ikipiga usiku kucha na mto ukageuka tope au ukapungua ghafla, amekwisha kuambiwa, na wanaomtawala wamekwisha kuambiwa. Yeye anawajibika kuondoka kabla hakujakucha, na wao wanawajibika kuhakikisha ana mahali pa kwenda.